Ile tablo ya nkambo niliuzisha dola 30



Mwezi uliopita mwenzetu mumoja wa promosyo aliniuliza: "Tangu tulimaliza, unasomaka nini?" Nilitaka kumujibu haraka jina ya mwandishi mukubwa, halafu nikaona haya. Ukweli ni kwamba tangu nilitetea memwari yangu sikusoma kitabu kizima hata kimoja. Nilikuwa nasoma matangazo ya kazi. Ku iniversite tulisomaka silabusi juu ya kupata alama, mutihani ikipita tunasahau. Hivi njo wengi wetu tuliachana na vitabu, bila hata kugombana navyo.

Mwaka huu nimesoma viwili. Lakini sikuanza juu ya kupenda kusoma. Nilianza juu ya pesa, na juu ya aibu fulani. Acha nieleze ile aibu kwanza, juu bila hiyo hamutaelewa vile vitabu vilinikamata.

Mu nyumba ya nkambo, kule Katuba, kulikuwa tablo moja juu ya mulango wa saloni. Ilikuwa pale mbele mimi nizaliwe. Ilionyesha gereza ya wakati wa Wabelgiji. Bendera ya Ubelgiji iko juu, muzungu mwenye kofia ngumu amesimama na pipo mudomoni, askari mweusi mwenye kofia nyekundu amepandisha mujeledi, na mufungwa amelala chini, anachapwa matako wazi. Pembeni, mwanamuke mwenye beseni ku kichwa. Na maandishi kwa herufi kubwa: COLONIE BELGE. Kama umekomalia Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi, pengine hata wewe uliiona, kama si kwenu, basi kwa jirani. Kulikuwa nyingi sana za namna ile, na zote zinafanana.

Nkambo mwanaume alipokufa, tablo ilibakia pale na vumbi yake. Miaka mitatu nyuma, mutu mumoja akapita mu avenyu na kamyoneti, ananunua vitu vya zamani: redio za lampe, mashini ya kushona, sahani za enameli. Akaona tablo. Akauliza bei. Wakubwa wakageuka kunitazama mimi, kwa sababu mimi njo musomi wa nyumba. Nilikuwa nimefuata somo ya estetike mwaka mumoja, basi nikasema mbele ya wote, tena kwa Kifaransa kwanza, nyuma kwa Kiswahili: hii si sanaa, ni kazi ya barabarani, ziko mamia zinafanana na hii, hakuna ya mwanzo hakuna ya mwisho. Yule mutu alitoa dola 15. Nilimupandisha mupaka 30. Nikaona nimeshinda. Pesa ilienda ku madawa ya nkambo mwanamuke.

Halafu mwaka huu nikasikia watu wanasema kwamba tablo za namna ile, huko Ulaya, zinawekwa mu myuze, na ziko na bei. Moyo ukanipiga. Nikafungua telefone nitafute: nilipoteza ngapi? Bei sikuipata vizuri. Lakini nilianguka ku jina moja: Tshibumba Kanda Matulu.

Tshibumba alizaliwa mwaka 1947 hapa Lubumbashi, wakati ule Elisabethville. Alikuwa muchoraji kama wengine wengi wa Katanga wa wakati wa Zaire. Alichora ku turubai ya mifuko ya unga, akatembea nyumba kwa nyumba, ofisi kwa ofisi, anauzisha. Wateja wake walikuwa watu wa mushahara: wafanyakazi wa Gécamines, wa treni, makarani, walimu. Mwaka 1973 alikutana na profesa mumoja, Johannes Fabian, mutu wa antropolojia aliyekuwa anafundisha ku kampasi ya Lubumbashi. Tshibumba alimupelekea tablo zake kama anavyopelekea kila muteja. Fabian akanunua, wakaongea, na mu ile mazungumzo Tshibumba akamwambia kwamba yeye si muchoraji tu, yeye ni mwanahistoria. Alitaka kuchora historia yote ya inchi, kutoka zamani za wankambo mupaka siku ile. Wakapatana. Mu miezi michache Tshibumba akachora tablo karibu 100, na kila mara alipoleta mafungu, Fabian alifungua mashini ya kurekodi, wakakaa kuongea tablo moja moja. Kwa Kiswahili. Si kile cha Dar es Salaam wala cha vitabu vya wamisionari. Kiswahili chetu, kile cha sokoni Kenya (ninasema komini yetu ya Kenya, si ile inchi!).

Kitabu kilitoka mwaka 1996, kwa Kingereza, kinaitwa Remembering the Present. Mazungumzo yenyewe, kwa Kiswahili, yamewekwa ku intaneti na mutu yeyote anaweza kuyasoma bure. Mimi Kingereza changu kinatembea na fimbo, kwa hiyo nilisoma nusu huku nusu kule: ukurasa wa kitabu, halafu ninaenda kutafuta vile Tshibumba mwenyewe alisema. Mupaka leo sijawahi kusoma hivi. Ku masomo, Kiswahili kilikuwa ya kucheza nayo ku rekreasyo, na Kifaransa ya kufikiri nayo. Hapa kuna mutu anafikiri kabisa, anabishana na profesa, anatoa sababu, anarudi nyuma anajirekebisha, yote mu luga ambayo mimi ninaagiza nayo bukari.

Nilikutana na picha ya gereza mu ile kitabu, usiku, stima imeenda, telefone iko na asilimia 12. Si yetu, hapana. Lakini ni dada yake kabisa: bendera, muzungu, mujeledi, matako wazi. Nilizima telefone, si juu ya kuchunga batri.

Sasa nieleze kile nilijifunza, juu njo sababu ya kuandika.

Fabian na mwenzake Ilona Szombati-Fabian, mbele ya hiyo kitabu, walifanya uchunguzi juu ya tablo za saloni za Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati ule. Waliona kwamba wachoraji na wateja wenyewe walikuwa na namna yao ya kupanga hizi tablo. Kuna vitu vya wankambo: kijiji, wawindaji, muntu na nyama ya pori. Kuna pia mamba muntu, ile mwanamuke mwenye mukia wa samaki anayeleta utajiri na kudai malipo yake. Kuna vitu vya zamani: Waarabu na watumwa, Colonie belge, ile ya kwetu. Na kuna vitu vya sasa: maisha ya muji. Na neno moja linarudi rudi, neno ambalo sisi wote tunalijua: ukumbusho.

Nilifikiri ninaelewa ukumbusho. Kwangu ilikuwa foto ya ndoa, ao kitambaa chenye picha ya marehemu. Yaani kitu cha kukutunzia kile kimepita. Lakini mu mazungumzo yao ukumbusho ni kitu ingine kidogo: ni kitu kinachokuamsha. Tablo haihifadhi historia ndani yake sawa vile sanduku inahifadhi nguo. Inakusukuma, mutu wa nyumba ao mugeni, ufungue mudomo. Mugeni anaingia, anakaa, anapewa maji, macho inapanda ku ukuta. "Ee, hii ilikuwa mambo ya wakati gani?" Na mwenye nyumba anaanza. Kazi ya tablo njo hapo inaanza, si hapo inaisha.

Ukielewa hivyo, ile neno yangu kubwa ya estetike inaanguka. Niliwaambia wakubwa kwamba haina samani juu ziko mamia zinafanana. Lakini lazima zifanane! Kama kila muchoraji angechora gereza yake ya pekee, na alama zake za pekee, mugeni angeuliza "hii ni nini?", na mwenye nyumba angeeleza tablo. Kwa sababu wote wanaijua tayari, hakuna mutu anaeleza tablo. Anaeleza maisha yake. Ni sawa wimbo wa kanisa: hakuna mutu anaimba mbaya juu wimbo si mupya. Gereza ni moja, muzungu ni mumoja, lakini mu kila saloni mufungwa aliye chini ni mutu tofauti.

Hii kitu hakuna mutu aliyenifundisha ku iniversite. Kule tulifundishwa kwamba sanaa ni kitu cha pekee, mutu mumoja alitengeneza mara moja, na ukiirudilia inakuwa ufundi wa sokoni. Sisemi kwamba ni uongo. Ni kweli kwa Picasso. Lakini tuliibeba ile kipimo kama metre ya fundi nguo, tukapima nayo kila kitu, hata kile ambacho hakikushonwa kuvaliwa vile.

Na mu muji wetu wenyewe tuliona tayari vile kipimo cha kigeni kinachagua. Mwaka 1946 Mufaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa atelye, wakaiita Le Hangar. Pale njo walitoka Pilipili Mulongoy na samaki na ndege zake, Bela Sara aliyechora na vidole, Mwenze Kibwanga na mistari yake mifupi mifupi. Ninawapenda, nisieleweke vibaya. Ukisimama mbele ya Pilipili utasikia maji. Lakini Romain-Desfossés alitaka wachore bila kugusana na Ulaya, wachore pori, nyama, maji, kile alichoona kwamba ni roho yao safi. Mu tablo za Hangar hautaona muzungu na mujeledi. Hautaona mugomo wa Union Minière wa Desemba 1941, wakati askari walipiga risasi wafanyakazi hapa muji mwetu. Tshibumba aliuchora. Wateja wa Hangar walikuwa wazungu, wateja wa Tshibumba walikuwa baba zetu na wankambo wetu. Mu masomo yetu, neno "sanaa ya Katanga" lilikuwa ni Hangar, na ile ya wankambo wetu haikuwa hata na sura moja mu silabusi.

Tshibumba aliwahi kuchora kifo ya Lumumba pia. Lumumba, Mpolo na Okito waliuawa hapa karibu, tarehe 17 Januari 1961, na kuna tablo yake moja inayowaonyesha wamelala chini, na nyuma yao misalaba mitatu. Nilipoiona mara ya kwanza, ile kichwa yangu ya masomo ikasema: lakini hakukuwa misalaba. Ni kweli, hakukuwa. Profesa naye alimuuliza maswali ya namna hiyo mara nyingi. Tshibumba alijua tofauti kati ya kile kilitokea na kile anachora. Kwake kazi ya mwanahistoria haikuwa kuhesabu tu vitu vilivyokuwa pale, ilikuwa kukufanya ufikiri vilikuwa na maana gani. Unaweza kumukatalia. Mimi mwenyewe kuna mahali ninamukatalia, kuna tarehe anachanganya, kuna watu anawapamba. Lakini kumukatalia mutu ni kumupokea kama musomi, na hiyo tayari ni mbali sana na "kazi ya barabarani".

Kile kinachouma ni mwisho wake. Mwaka 1974 na 1975 bei ya shaba ilianguka. Mushahara wa Gécamines ukaanza kukonda, halafu vita ya 1977 na ya 1978 ikapita Shaba. Saloni haikuwa tena mahali pa kupamba, ilikuwa mahali pa kulalisha ndugu waliokimbia, ao pa kuuzishia mikate. Bila mushahara hakuna muteja, bila muteja hakuna muchoraji. Toka mwanzo wa miaka ya 1980 habari za Tshibumba zilipotea. Tablo zake za historia, zile za Fabian, ziko Amsterdam, mu myuze iliyoitwaka Tropenmuseum.

Nilikuwa ninataka kuacha hapo, lakini nilisema vitabu viwili.

Cha pili ni kidogo na kiko kigumu zaidi. Kinaitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Usidanganyike na jina, si kamusi. Iliandikwa mwaka 1965 na André Yav, kwa jina ya chama ya watu waliokuwa maboyi, ni kusema wapishi na watumishi wa nyumba za wazungu. Walitaka kuandika historia ya muji wao wenyewe, wakaipiga ku mashini, kwa Kiswahili. Wanaongea juu ya Mushidi, juu ya mufalme Leopold, juu ya wazungu wa kwanza na majina ambayo weusi waliwapa kwa nyuma, juu ya boyi anayepika chakula ambayo hatakula. Fabian naye njo aliichapisha mwaka 1990, pamoja na tafsiri ya Kingereza, akisaidiwa na Kalundi Mango wa hapa.

Nilipoifungua nilishindwa. Maneno mawili yameshikamana, neno moja limekatwa vipande viwili, herufi inabadilika kila mara, hakuna nukta mahali unaingojea. Mimi mwenye lisansi, nimeshindwa kusoma Kiswahili ya wapishi. Nilifikiri ni kutojua kuandika. Halafu nikasoma kwamba Kalundi Mango aliisoma yote kwa sauti na wakamurekodi, njo Fabian akaweza kuielewa. Basi na mimi nikaanza kuisoma kwa sauti, mu kiwanja, magaribi, chini ya muembe. Na yote ikanyooka. Yale maneno hayakuandikwa kwa macho. Yaliandikwa na watu waliokuwa wanasikia mutu anaongea, na yanangoja mudomo.

Nkambo mwanamuke alikuwa anachambua sombe. Akaacha.

"Nani njo anasema vile?"

Nikamwambia: "Ni kitabu, nkambo. Ya maboyi ya zamani."

"Hapana. Ile ni musemo ya batata betu. Batu ya leo habasemake tena vile. Rudilia."

Nikarudilia. Nikasoma karibu saa nzima. Mahali fulani alicheka, mahali fulani alisema "bongo", uongo, na akanieleza vile ilikuwa kabisa. Jirani mumoja akaingia, akakaa. Wakaanza wawili kubishana juu ya jina ya muzungu fulani wa posho. Mimi nilibakia na telefone mukononi, sikuwa na kazi tena. Njo pale nilielewa kwa mwili, si kwa kichwa, ile neno ukumbusho. Na njo pale nilipata nguvu ya kuuliza kile niliogopa kuuliza.

"Nkambo, ile tablo niliuzisha. Mulikuwa munaiongelea nini?"

Alinitazama kidogo. Sikuona hasira. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira, na kukosa kuiona kulinisumbua zaidi.

"Ile pesa tulikula," akasema. "Ilininunulia madawa. Usijichape."

Halafu akaanza. Ile mwanamuke wa pembeni, mwenye beseni, mimi kila siku nilimuona kama pambo, mutu wa kujaza nafasi. Kumbe nkambo mwanaume, kila mugeni alipokuja, hakuonyesha muzungu, hakuonyesha mujeledi. Alionyesha yule mwanamuke na kusema: huyu ni mama yangu. Baba yake alikuwa amefungwa juu ya kukosa kodi, ile kodi ya kichwa ambayo kila mwanaume alilipa mu wakati wa wazungu. Mama alikuwa anatembea kila siku na bukari mu beseni, mutoto mukononi, anangojea ku mulango wa gereza mupaka askari apende kumupitisha. Yule mutoto wa mukononi njo nkambo. Mu tablo hakuna mutoto. Yeye alikuwa anasema: "Mimi niko nyuma yake, hamunioni juu niko mudogo."

Miaka ishirini na zaidi niliishi chini ya ile tablo, na sikujua kwamba mu jamaa yetu kulikuwa mufungwa. Wageni walijua. Mimi sikujua, juu kila mara wageni walipokuja, watoto tulikuwa tunafukuzwa inje, na nilipokomaa vya kutosha kubakia mu saloni, nilikuwa na aibu ya ile saloni.

Nilimuuliza gereza gani. Hakumbuki. Mwaka gani? Hakumbuki. Alilipwa ao alitoroka? Akasema: "Ile, yeye njo alikuwa anajua. Akiona tablo ilikuwa inamurudilia. Mi nilikuwa nasikia tu, nikipita na chai."

Nilipeleka hii habari kwa rafiki yangu mumoja, mutu wa uchumi, mutu wa akili. Akanijibu kwamba ninajitesa bure. Ugonjwa haungojei tablo, madawa ilinunuliwa, nkambo yuko muzima. Na kama ni habari, andika habari, tablo ya nini? Nilikosa jibu ya haraka, na ninakiri kwamba nusu yake iko na haki. Singeweza kumwacha nkambo bila madawa juu ya turubai ya mufuko wa unga. Lakini ile nusu ingine siikubali. Ningeweza kuchukua foto mbele niuzishe. Ningeweza kuuliza, jioni moja tu, mbele ya kamyoneti kuondoka. Dola 30 hazikunizuia kuuliza. Kilichonizuia ni kwamba nilikuwa tayari na jibu, nilikuwa nimelipata mu silabusi.

Kuna watu wa kizazi chetu, ao karibu na chetu, ambao hawakufanya kosa hilo. Sammy Baloji, mwana wa Lubumbashi aliyezaliwa mwaka 1978, alichukua foto za zamani za wakati wa koloni, akawakata wale wafanyakazi na wafungwa, akawaweka mbele ya viwanda vya Gécamines vilivyokufa, mu kazi inayoitwa Mémoire. Alikuwa pia mumoja wa wale waliotayarisha maonyesho makubwa ya tablo za saloni mu BOZAR, Bruxelles, mwaka 2016. Fiston Mwanza Mujila, naye mwana wa hapa, aliandika Tram 83 mwaka 2014 kwa Kifaransa, lakini ukiisoma kwa sauti, itakushangaza: ni ile ile njia, maneno yanangoja mudomo. Na hapa kwetu kuna Biennale ya Lubumbashi, iliyoanzishwa na Picha mwaka 2008. Nilienda mara moja, ninasema ukweli, kwa kupiga selfi na kunywa Simba ya bure. Sikubishana na kazi hata moja. Nilizipita kama nilivyopita chini ya mulango wa saloni ya nkambo.

Sasa ninasoma polepole. Mazungumzo ya Tshibumba sijayamaliza, juu siku hizi sisomi peke yangu. Siku ya posho, jirani wawili watatu wanakuja, ninawasomea Vocabulaire ao sehemu moja ya Tshibumba, na wanakatisha kila mustari wa tatu. Kazi haiendeleki. Nimenunua daftari, ninaandika kile wanasema. Ukurasa wa kwanza niliandika "gereza gani?" na nikaacha nafasi. Dada mukubwa wa nkambo mwanaume yuko bado muzima, Likasi, na wanasema kichwa yake iko sawa. Tiketi ya basi si bei kali. Nimepanga kwenda mwisho wa mwezi, na sitakwenda mukono mutupu: ndani ya telefone nimeweka ile picha ya kitabu, gereza, bendera na mujeledi, nimeikuza mupaka beseni inaonekana vizuri.